Matanga ya Mtu Anayepumua

Katwe, nyuma ya mafundi wa masufuria,
Kampala.
22 Aprili 2024

Mpendwa Tresor,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo masista walivyonifundisha kuanza barua, na mkono ukishazoea kitu hauachi. Usilikumbatie sana neno hilo.

Habari za huko Malmö? Baridi imepungua? Na kile kifua chako kilichokuwa kikikoroma kila mvua iliponyesha, kimetulia? Mimi hapa ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo sasa linakataa ngazi. Mvua za masika zimeanza, njia yetu imekuwa tope tupu, na mafundi wanagonga mabati tangu asubuhi. Kwa hiyo ukiona mwandiko umeruka hapa na pale, usijidanganye kwamba ni machozi. Ni nyundo.

Barua yako ya mwezi wa pili niliipata, pamoja na picha. Na ule ujumbe uliotuma baadaye kwa simu ya jirani yetu Rukiah niliupata pia. Aliuleta mpaka mlangoni, akanishikia simu mbele ya macho nisome. Unataka cheti chako cha ubatizo. Mchungaji wenu wa kike anasema hawezi kuwafungisha ndoa, wewe na Ambroise, kabla hajaona kwamba ulibatizwa, na siku mmeshaipanga, Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita.

Cheti ninacho. Kiko ndani ya lile sanduku la bati lililovuka mpaka nasi mwaka wa tisini na sita, chini ya blanketi ulilofunikwa ulipozaliwa. Mimi ndiye niliyekushika siku ya ubatizo, mimi ndiye niliyekabidhiwa karatasi hiyo, na ni mimi nitakayeamua inakwenda wapi. Uamuzi wangu nimeuandika mwishoni. Usiruke kurasa kuufuata, maana nakujua.

Kwanza nikukumbushe ulivyonifanya. Mwezi wa kwanza ulinipigia simu nikiwa Nakasero, kwenye ngazi za ofisi moja, nina rundo la vitenge begani, nawaonyesha makarani waliotoka kula. Ukasema, "Mama mkubwa, ninafunga ndoa kanisani." Ukataka kuendelea, nakumbuka vizuri, ukasema, "Lakini kuna jambo moja." Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele. Askari wa mlangoni akanifukuza, na simu ikakatika, na sikukupigia tena kuuliza hilo jambo moja. Nani kwetu huuliza, mtoto akishataja kanisa?

Jumapili hiyo hiyo nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema kwamba mtoto wa Esperance mdogo wangu, mtoto niliyemlea mimi mama yake aliporudi Bukavu, anaoa huko Ulaya, tena anaoa kanisani, si kuandikishana ofisini kama watoto wa watu wengine. Hao watu wengine walikuwa wamekaa benchi la mbele, na niliwatazama nilipokuwa nikisema. Wiki hiyo nikachagua kitenge cha sare, cha kijani chenye ndege wa manjano, nikawagawia akina mama wote thelathini na mmoja wa kikundi chetu cha kanisani. Mafundi cherehani wakashona. Hakuna aliyeniuliza jina la bibi arusi. Kwetu mtu hutangaza kwanza, mengine yatajazwa njiani, nawe unajua tulivyo.

Kisha ikaja bahasha yako. Niliifungua mbele yao, siku ya kujaribu sare, kwa majivuno yangu mwenyewe. Picha ilipita mikono minne kabla sijaishika. Mmoja akauliza, "Sasa bibi arusi iko wapi? Huyu si ule Ambroise wa kwaya?" Nikasema labda huyo ndiye msimamizi wa bwana arusi. Nikaigeuza. Nyuma ulikuwa umeandika, kwa mwandiko niliokufundisha mimi kwa kijiti kwenye vumbi: Mimi na mchumba wangu.

Kama angekuwa Mzungu ningejua la kusema. Nimejiandaa maisha yangu yote kuwalaumu Wazungu. Lakini Ambroise! Yatima yule aliyekuwa akila maharage yangu kila Jumamosi baada ya mazoezi, akaosha sahani bila kutumwa, akaniita mama mkubwa kana kwamba ana haki. Nilifunga siku tatu kumwombea karatasi zake za kusafiri zitoke. Zilipotoka nilimpa soksi zako za sufu, wewe ukabaki huna, kwa sababu nilimwonea huruma kwamba hana mtu huko aendako. Mwaka uliofuata nikakuombea wewe umfuate, usiwe mpweke. Nimekuwa mshenga wenu bila kujua, na mshenga gani huyo asiyepewa hata kitenge.

Sasa hilo kanisa lenu. Umenijazia kurasa mbili kunieleza. Unasema ni kanisa la zamani, wafalme wamezikwa ndani yake, maaskofu walikaa wakajadiliana miaka na miaka, wakapiga kura, wakaona haki ya watu wawili kuahidiana mbele ya Mungu isinyimwe mtu. Nimekuelewa, mimi si mjinga. Ila nikuulize kitu. Babu yangu, baba wa mama yetu, alikuwa na wake watatu. Wakaja watu wa kanzu kutoka nchi kama hiyo uliyomo, wakamwambia ndoa ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, mengine yote ni dhambi, achague. Alichagua mmoja ili apate maji ya ubatizo. Yule mke mdogo, bibi yetu sisi, alitolewa nyumbani na mtoto mgongoni, mchana kweupe, mapadre wakiangalia, na babu akapewa jina la Petro.

Tuliyameza hayo. Leo wajukuu wa wale wale wamekaa kwenye meza wakapiga kura kwamba mlango ulifungwa kwa makosa. Kama ndoa ilikuwa kitu cha kupigiwa kura, bibi yetu alifukuzwa kwa nini? Nani amemwandikia kumwomba radhi? Mwulize mchungaji wako wa kike, nami nitasubiri jibu lake kwa hamu kuliko picha zako.

Unasema kanisa hilo lilikupokea uwanja wa ndege na koti mkononi, halikukuuliza unampenda nani. Vizuri sana. Hata mimi ningekupa koti. Koti si ndoa. Unasema pia kwamba mngeweza kuandikishana ofisini na mambo yakaisha, ila mimi ndiye niliyekufundisha kuwa ahadi isiyotamkwa mbele ya madhabahu ni mazungumzo tu. Usichukue maneno yangu ukanipigia nayo. Niliyasema nikikuandalia arusi nyingine.

Sasa nikueleze tulichokifanya, maana mama yako najua hakukueleza. Esperance hasemi ubaya wa mtu, ndiyo kasoro yake.

Nilikuwa na sare thelathini na moja zilizokwisha kushonwa, na mdomo wa mtaa mzima. Nikaona afadhali kuwa na maiti kuliko kuwa na picha ile. Nikawaambia akina mama kwamba kwangu mimi Tresor amekufa. Walidhani ni maneno ya hasira mpaka waliponiona nanyoa nywele. Nikatandika mikeka uani, nikazima simu kama afanyavyo mfiwa, tukakaa matanga siku tatu. Vitenge havikuwa na rangi ya kilio, lakini havikuwa na kazi nyingine, basi tukakulilia kwa nguo za arusi yako. Shati lako la shule nililifukia nyuma ya choo. Waliimba vizuri. Tena nisiwe mwongo, nilipata raha, kwa sababu kila aliyekuja kunipa pole aliacha kuniuliza habari ya picha.

Padre hakuja, alisema hana ibada ya jambo kama hilo. Aliyekuja ni Saverio, karani wa parokia, siku ya pili, akakuta wanawake wamenyoa wanalia na kutaja jina lako. Yule mtu ana rejista mahali pa kichwa. Alirudi ofisini moja kwa moja, akafungua kitabu cha ubatizo mahali penye jina lako, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Amefariki, na tarehe. Niliposikia sikumsahihisha. Nilimshukuru.

Kwa hiyo uelewe hali yako. Parokia haiwezi kukupa cheti kipya, maana kipya kitatoka na neno hilo, na hata mchungaji wenu na ulaini wake wote sidhani kama anafungisha ndoa marehemu. Karatasi safi duniani imebaki moja, na iko sandukuni kwangu.

Kuna mtu mmoja tu niliyemsahau katika mipango yangu yote, naye ni mama yako. Uliniomba nisimwambie habari za Ambroise, kwamba utamwambia mwenyewe, na kwa hilo nilikutii. Yeye yuko Bukavu na kasimu kake kasikopiga Ulaya. Habari zako zote amezipata kwangu, miaka yote hii. Sasa Reine, yule anayetuletea vitenge, alipita njiani siku ya kwanza ya matanga, akasikia vilio, akasikia jina lako, asishuke hata kwenye gari kuuliza. Kabla hajafika barabara kubwa alikuwa ameshampigia Esperance: pole mama, Tresor ametutoka. Mama yako akanipigia mimi mara kumi na saba. Simu yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa mfiwa.

Akapanda basi. Alikuja njia yote ya Rwanda bila kutia kitu mdomoni. Kichwa alijinyoa mwenyewe kwa wembe, na alikuwa na mikato juu ya sikio, damu imekauka. Alifika siku ya tatu saa nne asubuhi, sisi tukinywa chai ya kuondoa matanga, akaingia uani akaanguka juu ya mkeka.

Wanawake wote wakashusha vikombe. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya, Tresor, na nikuambie nilivyofanya baada ya kuelewa. Sikufanya kitu. Nilisubiri mtu mwingine amwambie. Mwishowe yeye mwenyewe akainua uso.

"Dada, maiti iko wapi? Munionyeshe mutoto wangu."

"Hakuna maiti," nikamwambia.

"Mulishamuzika bila mimi?"

"Tresor hajafa. Anaoa mwanaume. Anaoana na Ambroise, kanisani, mbele ya watu wote."

Alinitazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Kisha akauliza, "Iko anapumua?"

"Esperance, umesikia nilichokuambia?"

"Nakuuliza mutoto wangu. Iko anapumua?"

"Anapumua."

Akacheka. Mama yako, aliyelia njia nzima kutoka Bukavu, alicheka mpaka akajishika mbavu. Akavua kitambaa cheusi cha msiba alichojifunga mabegani, akasema ana njaa. Akala viazi vya matanga yako, sahani mbili, katikati ya wanawake walionyoa kwa ajili yako, huku anarudia na mdomo umejaa, "Anapumua. Mutoto wangu anapumua." Kisha akaziona sare zetu. Akauliza hii kitenge nzuri hivi ni ya nini. Mmoja akamjibu kwamba ilikuwa ya arusi ya Tresor. Akasema, "Basi munipe yangu."

Ujinga ningemsamehe. Ile furaha sikuweza. Mimi nimekaa siku tatu naiosha aibu ya ukoo, na yeye anaomba kitenge! Nikamwambia achague hapo hapo: akae nami mkekani anitetee mbele ya kanisa, ama atoke nyumbani kwangu. Akanijibu kwa sauti ile ndogo aliyokuwa nayo tangu utotoni.

"Dada, kama ni ndoa ao si ndoa, mapadre na wachungaji watajua. Mimi asubuhi nilikuwa na mutoto mufu. Sasa niko na mutoto muzima. Usiniombe nimurudishe."

Nikaubeba mfuko wake wa safari nikautupa nje, kwenye maji machafu ya mafundi. Huyo ndiye niliyekimbia naye vita miaka ishirini na nane iliyopita, yeye akiwa na mimba yako, mimi na sanduku kichwani. Aliinama akauokota mfuko, akaupangusa kwa kiganja. Akasema, "Sasa najua bibi yetu alitokea mulango gani." Nikafunga.

Umefurahi? Ulitaka sherehe ya kanisa, na hii ni sehemu yake. Uiandike kwenye kadi za mwaliko.

Ng'ambo ya njia, unakumbuka, ni kwa Rukiah na mumewe Maalim Tajudin, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na mpaka leo wanatusahihisha Kiswahili chetu tukienda kuomba chumvi. Rukiah alikuwa amesimama kizingitini. Akamwambia, "Ingia, ndugu yangu, utie maji miguuni." Kesho yake nilimwendea, nikamwuliza kama siku hizi Waislamu nao wanayaunga mkono mambo haya. Akasema, "Hatuyakubali hata kidogo, na maalim atakusomea aya kwa aya ukitaka. Lakini aliyekuwa njiani na mfuko uliolowa ni mama wa mtu." Nikaondoka bila kuaga.

Sasa ujue mama yako ni nani, maana wewe ulipokuwa huku ulimjua mama wa kwenye simu tu. Siku chache baadaye alitandika mkeka mbele ya mlango wa Rukiah, ukielekea mlango wangu. Akakaa juu yake amevaa kitenge cha ndege wa manjano. Mmoja wa akina mama alimpa chake, sijui nani, lakini nitamjua tu. Watu wakamwuliza amefiwa na nani. Akasema, "Na dada yangu Perpétue."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nilikuwa na dada mumoja tu. Wakati wa vita miguu yangu ilivimba na mimba, akanibeba mugongoni, sanduku akashusha kichwani, akavuta na kamba. Alikuwa mutu muzuri sana. Amekufa wiki iliyopita." Na akalia, Tresor. Nilikuwa nyuma ya pazia na niliyaona machozi yake. Machozi ya uongo nayajua vizuri, nilikuwa nimetoka kuyalia siku tatu.

Mwanzoni akina mama walisimama mbali. Kisha wakaenda mmoja mmoja, wakakaa naye, kwa sare zile zile. Waliniimbia kuliko walivyokuimbia wewe. Walisimulia mema yangu, mengine hata mimi nilikuwa nimeyasahau, mengine wakayakosea, na nilitamani kutoka niwasahihishe. Nilitoka, kwa kweli, siku ya pili. Nilisimama mlangoni mikono kiunoni nikasema, "Mimi huyu hapa!" Wawili watatu walitazama chini. Mama yako aliendelea kuimba. Siku ya tatu wakanawa mikono, wakakunja mkeka, matanga yangu yakaisha.

Tangu siku hiyo hanioni. Usidhani ni kununa. Nimewahi kununiwa, anayenuna hukugeuzia kisogo ili uone kwamba amenuna. Esperance hapindi shingo. Wiki iliyopita tulikutana bombani, ndoo yangu imegusana na yake. Nikamwambia, "Jambo, Esperance." Akamgeukia Rukiah, akauliza, "Umesema kitu?" Rukiah akatazama miguu yake, kisha akajibu, "Hapana." Wakajitwisha maji wakaenda.

Kikundi nacho kimempa mtu mwingine ufunguo wa kabati la vitambaa vya altare, ufunguo nilioushika miaka kumi na moja. Hawakunifukuza. Walisema tu kwamba nafasi ilikuwa wazi. Nikaenda kwa padre kushtaki. Akasema arusi yako hawezi kuibariki, matanga yangu hawezi kuyabariki, na ya mama yako hajui hata ayaweke wapi, kisha akaniomba nimwache ale. Nikaenda kwa Saverio nikamwambia afute lile neno pembeni ya jina lako, nikidhani labda mama yako akisikia atalegea. Saverio akatikisa kichwa. "Mimi naandika ile kitu naona. Nyinyi mulinyoa, mulilia, mimi naona na macho yangu. Kama huyo kijana iko mzima, yeye akuje hapa, asimame mbele yangu, mimi nafuta."

Na wewe huwezi kuja. Sheria ya nchi hii unaijua, na mtaa mzima umeiona picha yako. Usithubutu hata kuota. Kwa hiyo katika kitabu cha parokia utabaki umekufa mpaka siku utakapokufa kweli, na karani wa wakati huo atahangaika na tarehe.

Sasa cheti. Hakimo katika bahasha hii. Kama uliikung'uta kabla ya kusoma, umechosha mkono bure.

Mimi sijabadilika. Naona kanisa lenu limekosea na nitaona hivyo mpaka nitiwe shimoni, safari ya pili. Sikuombi msamaha, na wangu sikupi. Wala usinifundishe kwamba nimeonjeshwa nilichokupikia. Hilo nimeshajiambia mwenyewe kila siku mbele ya kile kioo kilichovunjika pembeni, na nywele bado hazijarudi vizuri. Halijanisaidia kitu.

Ninachotaka ni tubadilishane. Jumapili mama yako atakupigia kwa simu ya Rukiah. Najua siku na saa, kwa sababu kicheko chake kinavuka njia mpaka jikoni kwangu, anacheka kama msichana. Mwambie aje aniite jina langu. Si lazima iwe salamu. Akitaka aniite mchawi, aniite muuaji, bora anitazame anapolisema. Siku hiyo hiyo nitakipeleka cheti chako posta kuu kwa miguu, na goti hili hili, na nitalipia kile kibandiko cha haraka. Hakuna mwingine anayesikilizwa na Esperance isipokuwa wewe.

Asipokuja, basi. Karatasi itabaki chini ya blanketi. Wewe utakosa siku yako, mimi nitakosa dada, na nikijiuliza yeye atakuwa amekosa nini, sioni. Mtoto wake yuko hai. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilipiga pande zote na yeye hana jeraha ila lile la wembe.

Reine anakusalimu, anaomba radhi kwa kukuua haraka. Rukiah na maalim wanakusalimu pia, ingawa wana simu na hawanihitaji. Ambroise simsalimu. Mwambie tu zile soksi asizifue kwa maji ya moto, zitanywea. Na Mungu akulinde huko uliko, wewe na kifua chako. Nimejaribu kuiacha sentensi hiyo nje ya barua, imeshindikana.

Siku ile mkekani, nilipomwambia hujafa, mama yako aliuliza swali moja tu juu yako, akalirudia mpaka akajibiwa. Juu yangu hajaliuliza mtu. Ukiongea naye Jumapili, mwambie jibu ni ndiyo.

Wako, aliyekushika kwenye maji ya ubatizo na bado hajakuachia,

Mama mkubwa Perpétue